Númenor, Wanoldo na Khazad-dûm: Ni Nani Aliyebaki Mikononi mwa Watu?

Hii ni hotuba nzima kama ilivyotolewa mbele ya wapenzi wa hadithi za dunia za kubuni, kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika. Picha zilizooneshwa ukutani zimeachwa.

Ndugu wasomaji, mabibi na mabwana, asanteni kwa kuja.

Swali lililotukutanisha ni hili. Katika Middle-earth, dunia aliyoibuni J. R. R. Tolkien, ni ustaarabu gani ulioacha alama kubwa kuliko zote? Ni Wanoldo, wale Waelfi mafundi waliovuka bahari kutoka magharibi? Ni watu wa Durin, wale Mbilikimo wachimbaji na wahunzi wa Khazad-dûm, mji wa chini ya mlima? Au ni Númenor, ufalme wa wanadamu uliozama baharini mwaka 3319 wa Enzi ya Pili?

Kila swali hili linapoulizwa, watu hujibu kwa minara. Mmoja atautaja Orthanc, ule mnara wa jiwe jeusi ambao Waenti, wale wachungaji wa miti waliobomoa kuta za ngome ya Isengard iliyouzunguka, waliambulia kuukwaruza kidogo tu. Mwingine atayataja mawe saba ya kuonea mbali. Wa tatu atautaja upanga wa Mhobiti Merry, uliofuliwa na wahunzi wa Arnor, ufalme wa Kaskazini wa manusura wa Númenor, kwa ajili ya vita dhidi ya Angmar, nchi ya Mfalme Mchawi, ukalala kaburini karne nyingi, kisha tarehe 15 Machi 3019 wa Enzi ya Tatu ukavunja nguvu zilizomlinda mfalme huyo. Ni mambo makubwa, sikatai. Lakini hebu tuulizane: upanga ule ulipiga pigo moja, ukateketea. Na Orthanc ulimfaa nani karne zote ulizokuwa umefungwa, funguo zikiwa Minas Tirith, mji mkuu wa Gondor, ufalme wa kusini wa manusura hao hao, mpaka mchawi Saruman alipokabidhiwa mwaka 2759? Kudumu ni jambo moja, kuathiri ni jambo jingine. Jiwe laweza kusimama miaka 3,000 lisibadili maisha ya mtu hata mmoja.

Ndiyo maana leo nawaomba tutumie kipimo kingine. Tumchukue mtu asiyejua historia, asiyejali historia, tumtazame anavyoishi siku ya kawaida. Kisha tuulize: vitu anavyovitumia, nani alivitengeneza? Mtu huyo awe mkulima wa Shire, nchi ya Wahobiti, wale watu wafupi, mwaka 3018 wa Enzi ya Tatu. Ni zaidi ya miaka 3,100 tangu Númenor izame. Jina la Númenor lenyewe pengine hajapata kulisikia.

Tuanze na juma lake. Lina siku saba. Kwa nini saba?

Waelfi hawakuwa na juma la siku saba. Wao walipenda kuhesabu kwa sita na kwa kumi na mbili, na hata kile kipindi chao kirefu cha miaka kilikuwa miaka 144 ya jua, yaani kumi na mbili mara kumi na mbili. Juma lao lilikuwa la siku sita: siku ya nyota, ya jua, ya mwezi, ya Miti Miwili, ya mbingu, na ya Valar, wakuu wa ulimwengu. Watu wa Númenor wakalipokea juma hilo, wakalirekebisha mara mbili. Siku ya Miti Miwili wakaifanya ya Mti mmoja, kwa heshima ya mti mweupe uliokuwa katika ua wa mfalme wao. Na kwa kuwa walikuwa mabaharia, wakachomeka siku mpya baada ya ile ya mbingu: siku ya bahari. Hapo zikawa saba.

Wahobiti walilipokea juma hili kutoka kwa wanadamu wa Kaskazini, wakayatia majina ya siku katika lugha yao, na vinywa vya vizazi vikayamomonyoa mpaka maana haikuonekana tena. Sasa sikilizeni. Wahobiti walikuwa watu gani mbele ya bahari? Wengi wao hawakuiona maisha yao yote. Kwao bahari lilikuwa neno la kutisha, alama ya kifo. Lakini kila juma, siku ya sita, mkulima wetu anaitaja bahari. Anapanga mavuno kwa siku ya bahari. Anaahidi kulipa deni siku ya bahari. Anaoza binti siku ya bahari. Mabaharia waliokufa miaka elfu tatu iliyopita wamo kinywani mwake, naye hana habari nao.

Huo, ndugu zangu, ndio ushawishi.

Mwaka wake nao ni hivyo hivyo. Kalenda ya Wafalme, iliyotungwa Númenor, ilikuwa na miezi kumi ya siku 30 na miezi miwili ya siku 31, jumla 362, na siku tatu zilizokaa nje ya miezi: ya kwanza ya mwaka, ya katikati na ya mwisho. Wahobiti waliichukua wakaisawazisha: miezi kumi na miwili, yote ya siku 30, na siku tano nje ya miezi. Baadaye, zama za Isengrim wa Pili, wakafanya jambo la akili sana. Siku ya katikati ya mwaka wakaiondoa katika hesabu ya juma, na ile ya ziada ya mwaka mrefu wakaiondoa pia. Zikabaki siku 364, ambazo ni majuma 52 kamili bila baki. Tangu hapo kila mwaka ulianza siku ile ile ya juma, na kila tarehe ikawa na siku yake isiyobadilika. Wakaacha hata kuandika jina la siku kwenye barua, maana tarehe ilitosha. Nyumbani ilikuwa raha tupu. Taabu ilianza kwa yule aliyesafiri kupita Bree, mji wa jirani, kwa sababu huko nje hesabu hazikulingana na zake.

Nimekaa kwenye kalenda kwa makusudi. Tazameni namna kitu kinavyodumu: hakidumu kwa kulindwa kisiguswe. Númenor waliibadili ya Waelfi, Wahobiti wakaibadili ya Númenor, na kila aliyeibadili akaifanya yake. Kilichoguswa na mikono mingi ndicho kilichofika mbali.

Sasa tutoke shambani, twende barabarani. Nataka tuyatazame madaraja mawili.

La kwanza ni lile la mawe juu ya mto Baranduin, kwenye mpaka wa mashariki wa Shire. Lilijengwa siku za nguvu za ufalme wa Kaskazini. Mwaka 1601 wa Enzi ya Tatu, ndugu wawili Wahobiti, Marcho na Blanco, waliomba ruhusa kwa mfalme Argeleb wa Pili wavuke mto na kukaa ng'ambo na watu wao. Mfalme akakubali. Masharti yake? Walitunze daraja kubwa, watunze madaraja mengine yote na barabara, wawasaidie wajumbe wa mfalme wapite upesi, na waukubali utawala wake. Basi.

La pili lilikuwa Tharbad, kwenye mto Gwathló, katika barabara kuu iliyounganisha Gondor na Arnor. Hili lilikuwa mradi wa falme mbili. Palikuwa na kambi ya askari, mabaharia na mafundi wa ujenzi, na tuta refu la barabara lililopita kwenye matope pande zote mbili za mto. Kwa fedha na utaalamu, Shire isingeweza hata kujilinganisha.

Je, yalikuwaje mwaka 3018?

Ufalme wa Kaskazini ulianguka mwaka 1974. Mfalme hakuwapo tena. Mjumbe wa mfalme hakuwapo tena. Daraja la Baranduin likaendelea kupitisha mikokoteni, mwaka baada ya mwaka, kwa sababu waliopewa kazi ya kulitunza walikuwa wakazi wa hapo hapo, na wao wenyewe walilihitaji kila siku. Kwa miaka zaidi ya 1,000 bila mfalme waliendelea kushika masharti ya mfalme, na sheria zao za msingi walizihesabu kuwa zake, wakizishika kwa hiari kwa kuwa waliziona ni za kale na za haki.

Na Tharbad? Kambi ilidumu mpaka karne ya kumi na saba ya Enzi hiyo. Mwaka 1636 ulikuja ugonjwa mkuu, nchi za jirani zikabaki na watu wachache. Askari wakaondoka, mafundi wakaondoka nao. Daraja lilibaki bila mwenyewe. Mafuriko yaliyofuata majira ya baridi kali ya mwaka 2911 yakaumaliza mji. Boromir alipopita hapo akielekea Rivendell, makao ya Waelfi, mwaka 3018, ilimbidi avuke mtoni, na farasi wake akapotelea pale pale. Mrithi wa maliwali wa Gondor, juu ya barabara iliyojengwa na wazee wake, alimaliza safari kwa miguu.

Utawala ni ule ule, ujuzi ni ule ule, mawe ni yale yale. Tofauti ni nani aliyekabidhiwa matengenezo. Daraja halibomoki kwa adui tu. Hubomoka kwa tope linalokula chini ya nguzo, kwa mti unaoletwa na maji ukakwama, kwa jiwe moja lililotoka na hakuna wa kulirudisha. Aliye jirani hulirudisha. Aliye mbali hungoja amri, na siku amri ikikoma, kazi imekoma.

Twende kwenye lugha.

Lugha ya kawaida ya magharibi yote ya Middle-earth, ile wanayozungumza Wahobiti, watu wa Bree na watu wa Gondor, ilizaliwa bandarini. Númenor walijenga ngome na miji ya pwani, kama Umbar mwaka 2280 na Pelargir mwaka 2350 wa Enzi ya Pili. Humo lugha yao ya nyumbani ilichanganyika na lugha za wenyeji. Haikuwa lugha ya wasomi. Wakuu wa Númenor walijua Kielfi na walijivunia kukijua. Iliyoenea ni ile ya sokoni, ya kupakia na kupakua, ya kubishania bei.

Upande wa pili alikuwapo Sauron, bwana wa giza wa Mordor. Yeye alikaa akabuni lugha nzima, akakusudia iwe lugha ya wote wanaomtumikia. Alikuwa na kila kitu: majeshi, hofu, na maisha yasiyo na mwisho wa kawaida. Je, alifaulu?

Jibu linatolewa na tukio moja dogo. Mwishoni mwa Februari 3019, Mhobiti Pippin anazinduka amefungwa kamba, katikati ya kundi la Waorki, viumbe askari wa uovu. Anashangaa kugundua kwamba anaelewa sehemu kubwa ya wanayosema. Kwa nini? Kwa sababu kundi lile lina Waorki wa Isengard, wa Moria (ndiyo Khazad-dûm) na wa Mordor, na kila kabila lina lugha yake isiyoeleweka kwa wenzake. Ili wagombane vizuri inawabidi watumie lugha ya kawaida. Mnaona uzito wake? Askari wa Sauron wanagombea mateka kwa lugha iliyozaliwa katika bandari za Númenor, adui yake mkubwa. Lugha aliyoibuni yeye imebaki Barad-dûr, ngome yake, na kwa makamanda wake. Lugha ya amri ilikwama ikulu, ya biashara ikafika hata kambini kwa Waorki.

Mpaka hapa mtadhani nimekwisha kuhukumu. Bado. Wanoldo wana hoja moja nzito sana, nayo ni mwandiko.

Fëanor, fundi wao mkuu, alitengeneza herufi zake kwa kuboresha kazi ya Rúmil aliyemtangulia. Alichokifanya si kuchora alama nzuri tu. Alitengeneza mfumo. Kila herufi ya msingi ina sehemu mbili: mguu na upinde. Mguu waweza kushuka, kupanda, au kufupishwa. Upinde waweza kuwa mmoja au miwili. Kuna safu nne kwa mahali sauti inapotengenezwa mdomoni, na ngazi sita kwa namna inavyotengenezwa: nne mara sita, herufi 24 za msingi, na nyingine za nyongeza. Chukueni sauti *t*: mguu unashuka, upinde mmoja. Ongezeni upinde wa pili, mnapata *d*. Rudini kwenye *t*, pandisheni mguu juu, mnapata *th*. Pandisheni mguu na muweke pinde mbili, mnapata *dh*. Nendeni kwenye safu ya midomo, hatua ni zile zile: *p, b, f, v*. Sisi wasemaji wa Kiswahili, wenye *th, dh, kh* na *gh* midomoni mwetu, tungeweza kuuvaa mwandiko huu asubuhi moja.

Na siri ya kuenea kwake iko hapo hapo. Herufi nyingi hazikufungwa kwenye sauti moja. Kila watu walizigawa upya kwa mahitaji ya lugha yao. Kwa hiyo ziliandika Kielfi cha kale, Kielfi cha mitaani, lugha ya kawaida, hata lugha ya Mordor. Mwaka 3018 mchawi Gandalf anaitupa motoni Pete Moja, ile aliyoifua Sauron ili azitawale pete nyingine zote, kule Bag End, nyumba ya Mhobiti Frodo, na maandishi ya moto yanatokea. Lugha ni ya Mordor. Herufi ni za Fëanor. Sauron aliiteketeza Eregion, nchi ya Wanoldo, mwaka 1697 wa Enzi ya Pili na kumuua Celebrimbor, mjukuu wa Fëanor. Lakini alipotaka kuandika jambo lake kubwa kuliko yote, alitumia mwandiko wa familia hiyo hiyo.

Hapo Wanoldo wanang'ara. Wanapoanguka ni kwenye Pete.

Pete zilizotengenezwa Eregion, kazi iliyoanza kama mwaka 1500 na zile Tatu zikakamilika kama mwaka 1590, lengo lake kwa Waelfi lilikuwa kuzuia uchakavu, kuyafanya mazuri yasipite. Rivendell na Lórien, msitu wa Waelfi, zilisimama juu ya nguvu hiyo. Nguvu hiyo ilifungamana na Pete Moja, na Pete Moja ilipoharibiwa tarehe 25 Machi 3019, zile Tatu zilikufa nayo. Wenye kuzishika wakapanda merikebu mwaka 3021. Kiasi cha miaka 120 baadaye, Arwen, binti wa Rivendell aliyekuwa malkia wa Gondor, alipokwenda Lórien aliikuta haina mtu. Fananisheni na kalenda: kitu kile kile, yaani hamu ya kudumu, kimoja kilikubali kubadilishwa na kingine kilikataa mabadiliko yote. Mwandiko ule uliotolewa kwa kila mtu ulibaki ukitumika. Pete zilizoshikwa na watu watatu zilizimika kwa siku moja.

Nije kwa watu wa Durin. Wapenzi wao mnisamehe, nitakuwa mfupi, kwa sababu wao wenyewe walichagua kutuachia kidogo.

Si kwamba hawakuwa na uwezo. Barabara nzuri za kale ni zao, ikiwemo ile iliyokata msitu wa Mirkwood. Katika Enzi ya Pili walikuwa na mkataba mzuri na wanadamu wa kaskazini: wanadamu walete nafaka, mifugo, wapanda farasi na wapelelezi, wao watoe chuma, majengo na barabara. Ilibidi, kwa kuwa mji wa chini ya mlima haulimi. Lakini lugha yao waliificha. Majina yao ya ndani hawakuyaambia wageni, wala hawakuyaandika hata makaburini. Ujuzi ulikaa ndani ya mlima. Mwaka 1980 wa Enzi ya Tatu walipochimba mithril, madini yao ya thamani kuu, chini mno wakamwamsha Balrog, pepo wa moto wa kale, mfalme Durin wa Sita akauawa, na mwaka uliofuata mwanawe Náin akauawa naye. Mji ukahamwa. Ujuzi uliokaa mahali pamoja ukakosa mahali pa kukaa.

Mara moja tu walifungua mlango, na mlango huo ndio kitu chao kinachokumbukwa kuliko vyote. Narvi wa Khazad-dûm aliutengeneza, Celebrimbor wa Eregion akachora maandishi yake kwa ithildin, madini yaliyotokana na mithril, yasiyoonekana ila kwa mwanga wa nyota na mwezi. Barabara kutoka Ost-in-Edhil, mji wa Eregion, iliishia hapo. Kufungua, ulisema neno *rafiki* kwa Kielfi, na neno lenyewe lilikuwa limeandikwa pale pale mlangoni. Usiku wa tarehe 13 Januari 3019, Gandalf, mwenye elimu kuliko wote waliokuwa naye, alijaribu maneno mengi, akakasirika, akakaa chini, kabla hajaliona jibu lililokuwa mbele ya macho yake. Kwa nini alikosea? Kwa sababu alifikiri kwa akili ya zama za hofu. Alitafuta siri. Waliotengeneza mlango walikuwa na amani kiasi kwamba hawakuhitaji siri. Karne hizo za ujirani ndizo zilizowapa watu wa Durin hata runi, herufi za kuchonga, walizoandikia kaburi la mwenzao Balin: zilibuniwa na Waelfi, zikapokelewa Moria kutoka Eregion, wakazipanga upya wakazifanya zao.

Sasa mfano unaonisumbua kuliko yote, kwa sababu unaonesha kitu kikibaki na maana yake ikiondoka.

Kuna jani linaloitwa athelas. Lililetwa na watu wa Númenor, na Kaskazini huota tu pale walipoishi au kupiga kambi zamani. Aragorn, mrithi wa wafalme wa Kaskazini aliyeishi porini, alilitafuta gizani karibu na kilima cha Weathertop, baada ya Frodo kuchomwa kisu mwezi Oktoba 3018. Alichemsha majani, akaosha jeraha. Halikuponya jeraha lile, lakini lilipunguza maumivu na baridi. Walinzi wa Kaskazini, watu wasio na mji wala nyumba ya matibabu, walikuwa bado wanajua kazi yake.

Miezi mitano baadaye yuko Minas Tirith, mji mkubwa wa warithi wa Númenor, ndani ya Nyumba za Uponyaji. Majeruhi watatu wa vita, Faramir, Éowyn na Merry, wamekaribia kufa. Anauliza: mna athelas? Hakuna. Bibi Ioreth anasema halihifadhiwi hapo. Anakuja bwana wa dawa, anayataja majina ya jani hilo lugha kwa lugha, anakariri na beti za kale, kisha anasema halina faida inayojulikana, labda kuondoa harufu mbaya. Ila, anaongeza, wazee bado hulichemsha wakiumwa kichwa. Mwisho kijana Bergil analeta majani sita katika kitambaa, yaliyochumwa siku nyingi. Aragorn anayapulizia pumzi, anayaponda, anayatia kwenye maji yanayofuka, na chumba kizima kinabadilika.

Najua mtasema nguvu ilikuwa katika mikono ya mfalme. Ni kweli, hadithi inasema hivyo. Lakini ulizeni swali la kawaida zaidi: kwa nini hospitali kuu ya Gondor haikuwa nalo hata kwa kichwa? Kwa sababu huko ujuzi ulikuwa umekuwa jambo la kukariri. Wafalme wao walijenga makaburi mazuri kuliko nyumba za walio hai, wakayapenda majina ya mababu kuliko ya watoto wao. Msomi alikuwa na majina matatu ya jani. Mwenye kulitumia alikuwa mzee wa kijijini na mtu wa porini.

Kwa ninyi mnaobuni dunia zenu wenyewe, jaribuni zoezi hili kabla ya kuchora mnara wowote. Chagueni kijiji kimoja, miaka elfu baada ya ufalme kuanguka. Andikeni siku za juma, kipimo cha urefu, mahali pa kuvukia mto, dawa ya homa, na tusi wanalowatukana majirani. Kila kimoja mkipe asili katika ustaarabu fulani uliokufa. Kisha amueni anayekitunza ni nani, na nini kimesahaulika juu yake. Kinachoharibu kazi nyingi ni kuupa ufalme wa kale magofu na silaha za ajabu tu, huku wanakijiji wakiishi kana kwamba haukuwahi kuwapo.

Na tusi nimelitaja kwa sababu. Ushawishi si zawadi tu.

Aldarion wa Númenor alianzisha chama cha mabaharia mwaka 750 wa Enzi ya Pili. Merikebu zilihitaji mbao. Kisiwani kwao aliamuru miti ipandwe panapokatwa. Kwenye mdomo wa Gwathló alijenga bandari, na huko bara mambo yakaenda vingine. Njia za kukatia miti zilisukumwa kaskazini na kusini mwa mto. Wenyeji, watu wa misitu hiyo, walipoanza kuvizia wakataji, wakahesabiwa maadui, na miti ikakatwa bila huruma wala kupanda mingine. Wenyeji wakakimbilia milimani na pembeni mwa pwani. Sauron alipoivamia nchi hiyo wakati wa vita iliyoanza 1693, waliofukuzwa walimkaribisha, na mabaki ya misitu yakachomwa. Mwaka 1700 kundi moja la merikebu za Númenor likashusha jeshi kwenye bandari hiyo hiyo, likamshambulia Sauron kwa nyuma na kuwaokoa Waelfi. Ni bandari ile ile. Iliokoa watu wa kaskazini na ilikuwa imewamaliza watu wa hapo. Zaidi ya miaka elfu nne baadaye Enedwaith, nchi ya kusini mwa mto huo, ilikuwa bado haina miti.

Kwa hiyo nikitakiwa kuhukumu, nasema Númenor. Juma, mwaka, lugha ya sokoni, daraja, jani, na nyika palipokuwa na misitu: hakuna ustaarabu mwingine ulioingia katika maisha ya watu wengi namna hiyo, kwa wema na kwa ubaya. Upande wa Wanoldo kuna hoja moja ninayoiheshimu, kwamba bila mwandiko wa Fëanor hata kumbukumbu za Númenor zisingetufikia, na gombo la Isildur, mfalme wa kale aliyeandika habari za Pete Moja, ambalo Gandalf alilisoma Minas Tirith lisingekuwapo. Anayeona hukumu iende kwao na aanzie hapo. Kipaza sauti kiko wazi, karibuni.